Mwaka Niliolipa Kodi ya Wanaume

Tulimzika Bi Zainabu Alhamisi, huku Kalangalala, baada ya sala ya adhuhuri. Wanaume walikwenda makaburini, sisi tukabaki uani tukichambua mchele. Hapo ndipo mjukuu wake mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliponiuliza ilikuwaje mimi na bibi yake tukajuana, yeye Mwislamu wa Tabora na mimi Msukuma wa Didia nisiyejua hata kufunga kilemba vizuri. Nikamjibu kwamba tulikutanishwa na chumba. Akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akageukia mwenzake wakaendelea kulalamikia makato ya mshahara, jinsi karatasi inavyoanza na fungu nono juu na kuishia na kiduchu chini. Mwenzake akasema yeye makato hayasomi kabisa, anatazama mstari wa mwisho tu, maana kusoma ni kujitia uchungu bure. Nilitaka kucheka, ila msiba ni msiba. Katika maisha yangu sijapata kumwona mtu mwingine aliyekatwa kodi isiyomhusu, akashukuru, akampelekea na karanga yule aliyedhani ndiye anayemkata. Mtu huyo ni mimi, na aliyekuwa shahidi wangu ndiyo kwanza tumemfukia.

Habari za wazazi wangu na mifugo yao sitazieleza. Wazee wote wanaosimulia maisha yao huanzia kwenye zizi la baba, na msikilizaji husinzia kabla ng'ombe hawajatoka malishoni. Itoshe kusema kwamba niliondoka Didia na mwanaume ambaye hakutoa hata mbuzi wa mahari, kwamba mwanaume huyo alikufa kwa homa kabla mtoto wetu hajaanza kutembea, na kwamba mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilifika Geita, kwenye mgodi wa dhahabu, nikiwa na umri wa miaka ishirini na kidogo. Mgongoni nilimbeba Kabula, wa miaka mitatu, mzito kama debe la mahindi.

Nilipata kazi ya kufua kwenye hospitali ya mgodi. Chumba nilichopewa kilikuwa cha mwisho katika safu ya vyumba vya wafanyakazi, kuta za matofali yaliyopakwa chokaa, paa la bati, dirisha moja lisilo na kioo. Bi Zainabu, mpishi wa wagonjwa, alikuwa tayari ndani, na alikuwa amekigawa kwa khanga iliyotundikwa kwenye kamba: upande wake jamvi, sanduku la mbao na birika la udhu, upande wangu sakafu tupu. Alimtazama Kabula, akanitazama mimi, akaniambia kwamba chumba kile ni cha wanawake wa kazi na watoto hawaruhusiwi, watoto ni wa vyumba vya wenye wake kule juu. Nikasubiri aniambie niondoke. Akavuta jamvi lake upande mmoja ili mtoto apate pa kulala, akasema, "Basi asilie usiku, maana nyapara anapita."

Tukamficha. Mchana Kabula alikaa jikoni kwa Bi Zainabu, nyuma ya magunia ya unga, akichezea vifuniko vya sufuria na kulambishwa uji wa wagonjwa. Jioni nilimpitisha ndani ya furushi la shuka chafu, kichwa tu kikichungulia. Mpaka leo nikisikia harufu ya sabuni ya mche na bluu ya kufulia namwona mwanangu amejikunja katikati ya mashuka, amejiziba mdomo kwa mikono miwili, anacheka kimya kimya. Alidhani ni mchezo. Mimi niliogopa njia nzima, kwa sababu nilijua nikifukuzwa pale sina pa kwenda isipokuwa kwetu, na kwetu nikirudi mtoto si wangu tena. Kwa mila yetu mtoto ambaye mama yake hakutolewa mahari ni wa ukoo wa mama. Baba yangu alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo Kabula alikuwa mali ya kaka yangu Maganga, ndugu yangu wa tumbo moja, mtu mwema asiye na ubishi, ambaye tayari alikuwa ametuma salamu mara mbili kwamba mtoto aletwe.

Wasiojua siku zile niwaeleze jinsi tulivyolipwa. Kila mtu alikuwa na kipande, kikaratasi kigumu chenye visanduku thelathini. Ukifanya kazi siku moja nyapara anakutia alama kwenye kisanduku kimoja. Usipofanya, hakuna alama. Visanduku vikijaa, nyapara anakusanya vipande vya watu wake na kuvipeleka kwa karani, na siku ya mshahara unapanga foleni dirishani, unaitwa jina, unapewa hela zako na kipande kipya. Karani wetu aliitwa Ernesti, kijana wa Songea mwenye kaptura iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Alituona siku hiyo tu, tena kwa kupitia tundu la dirisha, na akili yake yote ilikuwa kwenye daftari, si kwenye nyuso.

Mwezi wa tano au wa sita hivi wa kukaa kwetu, Kabula akaonekana. Nilikuwa naanika mashuka nyuma ya hospitali, naye alikuwa ametoroka jikoni akaja kunifuata, akasimama katikati ya nguo nyeupe na uji mdomoni. Nyapara wetu, mzee mmoja mnene aliyependa kutembea na penseli sikioni, akatokea upande wa pili wa kamba. Akamtazama mtoto. Akanitazama mimi. Akaitoa penseli sikioni, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaenda zake. Usiku ule sikula. Siku ya mshahara nilikwenda dirishani nikiwa nimekwisha kufunga mzigo wangu, na karani badala ya kunifukuza akanipa hela, na hela hizo zilipungua shilingi mbili.

Nilirudi chumbani nikazimwaga juu ya jamvi, nikamweleza Bi Zainabu. Tulizitafakari kwa muda mrefu huku tukila ugali wa mtama na dagaa. Ukuta wa chumba chetu ulikuwa haufiki kwenye bati, hivyo mazungumzo ya majirani tuliyapata bila kuyaomba, na jioni ile ile wachimbaji wa chumba cha pili walikuwa wanalalamikia makato. Mmoja, Msumbwa mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa anasema kwamba yeye wanamkata zaidi ya wenzake kwa sababu ana mke wa pili. Bi Zainabu akaacha tonge hewani. "Umesikia, Mama Kabula?" akaninong'oneza. "Kama mke anakatiwa, mtoto ataachaje kukatiwa?" Hesabu ikakaa sawasawa. Nyapara alimwona mtoto, akaandika, karani akakata. Zile shilingi mbili zilikuwa bei ya Kabula kukaa kambini.

Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Watu wanadhani maskini akikatwa hela hulia. Mimi kesho yake nilimwosha mwanangu, nikampaka mafuta ya samli, nikamshika mkono tukapita mchana kweupe katikati ya kambi, mbele ya bwalo, mbele ya duka la Mhindi, mbele ya nyapara mwenyewe. Nani angenigusa? Mtoto alikuwa amelipiwa. Nyapara nikampigia shikamoo ya magoti chini, akaitikia marahaba kwa mshangao. Mwezi uliofuata shilingi mbili zilipokatwa tena, nikampelekea kibaba cha karanga za kukaanga. Alizipokea, akaniuliza ni za nini. Nikamwambia, "Za wema wako, baba." Akazitafuna huku ananitazama kwa wasiwasi, na tangu siku hiyo alinipa nafasi kubwa njiani, kama mtu anayempisha mwenye kichaa kidogo.

Nimekaa nyumba nzuri zaidi tangu wakati ule, na sasa nina umeme na kiti cha kuegemea, lakini sidhani kama nimewahi kuwa na raha kama ya miezi ile. Jumapili mashine za mgodi zilipumzika kidogo, Bi Zainabu alipika wali wa nazi ya kununua kwa bei ya kuumiza, nazi iliyosafiri kwa treni mpaka Mwanza, na mimi nilichemsha michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, na karanga za kusaga. Tulikula nje ya mlango, wote watatu sinia moja. Wachimbaji walipita wakituambia karibuni chakula kwetu, yaani utani, maana wao ndio walitamani chetu. Kabula alijifunza Kiswahili cha kambi, matusi kwanza, kisha salamu. Bi Zainabu hakuzaa mtoto wake mpaka alipoolewa baadaye, na nilimsikia mara kwa mara akimwimbia wangu nyuma ya ile khanga, akidhani nimelala. Nilimpenda sana mama yule. Najuta kwamba sikuwahi kumwambia kwa maneno, ila nadhani alijua.

Mwisho wa mwaka karani Ernesti akaanza kugawa vikaratasi vingine dirishani, vyekundu, vyenye muhuri. Waliotangulia walivikunja wakavitia mifukoni kwa uangalifu. Akaita, "Shija wa Ndaki." Nikasogea. Akasema anamtaka Shija mwenyewe, si mke wake. Nikamwambia Shija ni mimi. Nyuma yangu foleni nzima ikaangua kicheko, kwa sababu wote walikuwa Wasukuma au wamekaa Usukumani, na wanajua kwamba Shija ni mtoto yeyote anayezaliwa baada ya mapacha, awe wa kike au wa kiume. Karani wa Songea hakujua. Alipoliona jina hilo kwenye kipande aliniandika mwanaume, na tangu kati ya mwaka alipoagizwa akate kodi ya kichwa kwa wanaume wote, shilingi mbili mbili kila mwezi, akanikata na mimi. Nyapara hakuwa ameandika habari za mtoto wangu hata siku moja. Nilikuja kumuuliza. Siku ile pale kwenye kamba ya nguo alikuwa anahesabu mashuka.

Karani aliona aibu mpaka masikio. Alinieleza polepole, kwa adabu, jambo ambalo lingenifaa kulijua miezi sita nyuma: kwamba kodi ya kichwa ni ya wanaume, wanawake hawadaiwi, kwamba hela hiyo haibaki mgodini, inapelekwa kwa mtemi na serikali, kwamba kikaratasi chekundu ndicho tikiti ya kodi, ushahidi kuwa mtu amelipa. Akasema niichukue kwanza, kwa kuwa imekwisha kuandikwa, halafu Jumamosi niirudishe kwake, naye atanirudishia shilingi zangu kumi na mbili. Niliifunga kwenye pindo la khanga nikarudi chumbani mbio. Bi Zainabu alicheka hadi akashika ubavu, akinikumbusha karanga za nyapara. Kisha tukakaa tukazitumia zile shilingi kwa mdomo: blanketi la Kabula, viatu vya Kabula, na gauni langu. Furaha ya kurudishiwa ilikuwa kubwa, lakini nakiri kulikuwa na doa. Kama hakuna aliyemlipia Kabula, basi muda wote ule tulitembea kambini bila ruhusa, na ujasiri wangu wote haukuwa na msingi.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, kabla Jumamosi haijafika, kaka Maganga akaja. Nilimkuta ameketi nje ya mlango, vumbi mpaka kwenye nyusi, fimbo yake imeegemezwa ukutani, na Kabula yuko magotini pake anatafuna matobolwa, viazi vya kuchemsha na kukausha, aliyomletea kutoka nyumbani. Nilipiga magoti nikamwamkia. Alikula, akanywa maji, akasifu chumba, akauliza afya ya kila mtu, na baada ya hapo ndipo akasema alichojia. Alisema kwa upole, na huo upole ndio uliniumiza. Kwamba mtoto hakukombolewa kwa ng'ombe hata mmoja. Kwamba kambi si mahali pa kulelea mtoto wa kike. Kwamba mimi nakaa katika chumba cha Wazungu, siku nikiugua ninatolewa, na mtoto atabaki wa nani. Hakusema neno juu ya mahari ya Kabula atakapokuwa mkubwa, lakini wote wawili tulijua ipo, na sikumlaumu. Kila ukoo unahesabu mabinti. Nikamwambia simtoi. Akasema basi twende kwa mwanangwa, maana kaka na dada wasigombane mlangoni.

Mwanangwa wa eneo letu, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi, alikuwa mzee mfupi aliyesikiliza mashauri huku anasokota kamba. Tulikaa kwake asubuhi ya Ijumaa, kaka upande mmoja, mimi na Bi Zainabu upande mwingine, Kabula katikati. Kaka alieleza, na kila alichokieleza kilikuwa kweli. Mwanangwa akanigeukia akaniuliza kama mahari ilitolewa. Haikutolewa. Akaniuliza kama nina mume mwingine. Sina. Akauliza mtoto analala kwenye kaya ya nani.

Kaya, kwetu, ni mji wa mtu na moto wake na watu wake, na kaya ina mwenyewe, na mwenyewe ni mwanaume. Daftari la mwanangwa lilikuwa pale pale kwenye mkeka, na ndani yake kila kaya iliandikwa kwa jina la mlipa kodi wake. Bi Zainabu akaniminya paja. Nikalitazama pindo la khanga yangu. Nilijua kilichomo ni shilingi kumi na mbili, ni blanketi na viatu, na kwamba nikikitoa mbele ya baraza, kesho siwezi kwenda nacho dirishani. Nikafungua fundo nikaiweka tikiti juu ya daftari.

Kijana aliyemsaidia mwanangwa kusoma akaisoma kwa sauti: jina langu, mwaka, imelipwa. Kaka Maganga akasema hilo ni kosa la karani, kambi nzima inalicheka, na hela zitarudishwa kesho. Ilikuwa kweli pia. Alikuwa amekwisha kusikia. Mwanangwa akaacha kusokota kamba.

"Shija," akaniuliza, "hela utazichukua?"

"Sizichukui, baba," nikasema. "Na mwaka ujao niandikeni tena."

Mzee akamwambia kaka yangu kwamba angekuwa ni mtu aliyedaiwa kwa makosa naye analalamika, yeye mwenyewe angemwandikia karani arudishe. Ila mwenye kudaiwa halalamiki, na serikali imekula kodi yake; serikali haiwezi kula kodi ya mtu halafu baraza likasema mtu huyo hana kaya. Mtoto atakaa kwa mama yake. Siku akiolewa, ng'ombe mmoja atatoka kwenye mahari yake kwenda kwa mjomba, asije mtu akasema ukoo umedhulumiwa. Kaka akafikiri, akasema amesikia. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kushukuru, lakini mwanangwa akanyoosha mkono.

"Bado. Mwenye kaya hatoi kodi peke yake. Jumatatu tunatengeneza barabara. Kila kaya, mtu mmoja na jembe lake. Usipofika, nitajua tikiti yako ni karatasi."

Kaka Maganga aliondoka Jumamosi. Kabla hajapanda lori alimbeba Kabula muda mrefu, akamshusha, akaniambia nisimlee kwa uji wa hospitali tu. Miaka mingi baadaye ng'ombe wake alimpata, tena mwenye maziwa, na alikuwa mtu wa kwanza kucheza ngoma kwenye ile harusi. Siku ile, hata hivyo, nilimwona amegeuza uso ili nisimwone macho, na mimi nilimlilia njia nzima kurudi kambini. Kushinda ndugu yako si kitamu kama watu wanavyosema. Karani Ernesti nilimpitia dirishani nikamwambia tikiti siirudishi. Akanisihi, akadhani sijaelewa, akaanza kunieleza upya kwamba wanawake hawadaiwi. Nikamwambia, bwana karani, nimeelewa vizuri sana.

Jumatatu nyapara alinipa ruhusa ya kutwa, bila alama ya kipande. Nilifika barabarani kabla ya jua, jembe la kuazima begani na Kabula mkononi, kwa kuwa Bi Zainabu alikuwa zamu. Kulikuwa na wanaume kama arobaini, na waliponiona maneno yalikatika, kisha yakaanza mengine. Mmoja akauliza mume wangu anaumwa nini. Mwingine akasema leo barabara itafuliwa na kupigwa pasi. Nilikuwa na jibu, nina majibu siku zote, lakini siku ile nilisimama tu mwisho wa mstari na kumketisha mwanangu kwenye nyasi. Mwanangwa akafungua daftari akaanza kuita kaya moja moja. Kila aliyeitwa aliitika na kusogea mbele kupimiwa kipande chake cha kuchimba. Wakapungua, wakapungua, hadi nikaona huenda amebadili nia na jina langu hakuliandika.

"Kaya ya Shija," akaita.

Nilishika jembe nisogee. Wanaume wakageuka. Na kutoka kwenye nyasi, kwa Kiswahili chake cha kambini, mwanangu akasimama akaitika, "Tupo."